Nani Alimshika Mtoto?

Novemba iliyopita nilihama kutoka Tuwani, mjini Kitale, nikarudi kwa mama yangu Saboti. Kwa hesabu za tume ya uchaguzi sikuenda popote, maana Tuwani na Saboti ni wadi mbili za eneo bunge moja. Lakini ukiwa na mtoto wa miaka mitatu, kitanda, mtungi wa gesi, masufuria, magunia mawili ya nguo na moja la vitabu, hizo kilomita chache zinageuka safari ya nchi nyingine. Mwenye pikapu alitaka pesa yake kabla ya kupakia chochote. Gunia alilolilalamikia ni lile la vitabu. "Hizi ni mawe ama?" aliniuliza.

Usiku huo wa kwanza nilikuwa natafuta nguo ya mtoto ya kulalia, nikashika kitabu badala yake. Kidagaa Kimemwozea, nakala yangu ya shule, jalada limeng'oka, pembeni nimejaza penseli: kinaya, jazanda, sadfa, na mahali pengine "HII ITAKUJA!!" na alama mbili za mshangao. Nikakaa juu ya gunia na kuisoma kwa mwanga wa simu mpaka chaji ikaisha. Kesho yake nikaendelea, na kesho kutwa pia. Nilikuwa na oda za watu za kumaliza. Sikumaliza.

Kama uko katika miaka ya ishirini na ulisoma sekondari Kenya, huenda riwaya hii unaijua vizuri kuliko unavyopenda kukiri. Ken Walibora aliitoa 2012 na baadaye ikatahiniwa kwenye KCSE. Huku kwetu tulikuwa na sababu ya ziada ya kujigamba: Walibora ni mtoto wa Bungoma aliyekulia Trans Nzoia. Alipogongwa na basi Nairobi akafariki, Aprili 2020, watu wa hapa walimlilia kama jirani. Mimi wakati huo nilikuwa chuo, semista ambayo haikuisha. Korona ilitutuma nyumbani, karo ikakosekana, mimba ikaingia, na nilipoitwa kurudi sikuwa na la kurudia.

Kwa hiyo nikisema nimeisoma Kidagaa upya, elewa ninamaanisha nini. Shuleni tulifundishwa kuisoma kama riwaya ya uongozi mbaya. Mtemi Nasaba Bora ananyang'anya watu ardhi, anatesa, anazini, mwishowe kidagaa kinamwozea. Tulikariri sifa zake kwa mpangilio. Yote ni kweli. Lakini nikiwa nimekalia gunia langu niliona kitu ambacho hakuna mwalimu aliyewahi kutuuliza: hii ni riwaya kuhusu kijana aliyekatiziwa masomo ya chuo kikuu, anayetaka kuwa mwandishi, hana kwake, analala kibandani, na usiku mmoja anawekewa mtoto mchanga mlangoni. Wallahi, ni kama Walibora alikuwa akiniandikia mimi na hakunitumia nakala.

Tukumbushane kidogo. Amani anafika Sokomoko na kupata kibarua cha kuchunga ng'ombe wa Mtemi. Lililomleta ni mswada wake wa riwaya, ulioibwa. Mwizi ni Mwalimu Majisifu, ndugu yake Mtemi, ambaye ameuchapisha kwa jina lake mwenyewe na kupata sifa. Njiani Amani amekutana na Imani, msichana ambaye mamake ameuawa na nyumba yao kuchomwa kwa sababu ya ardhi. Imani anapata kazi ya nyumbani kwa huyo huyo Majisifu, kumsaidia Dora, mkewe Majisifu, kulea watoto wao wenye ulemavu. Kisha mtoto mchanga anatupwa kwenye kibanda cha Amani. Wanampa jina Uhuru. Anaugua, anakosa huduma zahanatini, anakufa, na wao wawili wanakamatwa kana kwamba ndio waliomuua.

Sasa weka waandishi wawili wa riwaya hii kwenye mizani. Majisifu ana nyumba, mshahara, mke, mfanyakazi wa nyumbani na meza. Haandiki. Analewa, na riwaya pekee inayobeba jina lake ni ya mtu mwingine. Amani hana hata kiti, na ndiye aliyeandika. Mwaka 1929 Virginia Woolf alisema kwamba mwanamke akitaka kuandika hadithi anahitaji pesa na chumba chake mwenyewe. Walibora ni kama anambishia: chumba kipo kwa Majisifu, na hakijazaa chochote.

Nilipokuwa Form Three nilipenda sana jibu hilo. Linamfariji mtu maskini. Linakwambia kipaji hakihitaji kodi ya nyumba. Leo sikubaliani nalo, na sababu yangu iko ndani ya riwaya yenyewe. Mswada uliomponza Amani ulikuwa umekamilika kabla Uhuru hajaletwa. Amani aliyeandika alikuwa kijana asiye na mtoto. Amani mwenye mtoto ana ng'ombe wa kuchunga, maziwa ya kutafuta na majirani wanaomnyooshea kidole. Kama angeweza kuandika riwaya ya pili huku Uhuru analia, hilo ndilo swali ambalo mimi nataka lijibiwe, na riwaya inalikwepa kwa njia ya kikatili kuliko zote. Mtoto anakufa.

Rafiki yangu mmoja, naye mwandishi, aliniambia naonea kitabu. Si lazima kila riwaya ihesabu nepi, alisema. Uhuru ni ishara, jina lake linakwambia: uhuru wa nchi uliotelekezwa na baba zake ukafia mikononi mwa maskini. Najua. Niliandika hivyo kwenye mtihani na nikapata alama. Lakini ishara iliyozaliwa na kuwekwa mlangoni ni lazima ilishwe na mtu. Walibora mwenyewe ndiye aliyemleta mtoto kibandani. Akishaletwa, msomaji ana haki ya kuuliza nani alimshika usiku.

Na jibu ni Imani. Hapo ndipo kusoma upya kulinichoma. Shuleni Imani alikuwa "mvumilivu, mwenye huruma, mwenye bidii", sifa tatu, alama tatu. Ukimwangalia tena, yeye ndiye mtu aliyehamishwa kuliko wote katika kitabu hiki. Kwao kumechomwa. Anaishi kwenye nyumba ya watu na kulea watoto wa watu. Akitoka huko anamsaidia Amani kumlea mtoto ambaye hakumzaa, halafu anaingia rumande kwa kifo chake. Amani ana mswada wa kupigania, ana dhuluma yenye jina. Dhuluma ya Imani ni kubwa kuliko hiyo, lakini hakuna anayempa kalamu. Angeandika nini huyu msichana? Riwaya ina waandishi wawili na wote ni wanaume, mwizi na aliyeibiwa, na kati yao kuna wanawake wawili wanaoosha vyombo.

Hata hivyo siwezi kusema Walibora hakuona. Rudi umsome Dora. Darasani tulimcheka kidogo, mke mlalamishi. Sasa namsikia vingine. Huyu ni mama aliyeachiwa malezi mazito na mume anayeshinda kwenye pombe, na anayejulikana nje kama mwandishi mkubwa. Walibora angeweza kumpa mwizi wake nyumba tupu. Alimpa nyumba iliyojaa kazi, halafu akatuonyesha kazi hiyo inafanywa na nani. Ukisoma hivyo, wizi wa mswada hauwi wizi wa kwanza wa Majisifu. Kabla hajaiba maneno ya Amani alikuwa ameshaiba saa za Dora, mchana na usiku, miaka mingi, na hakuna mahakama iliyomwita kwa hilo. Kwangu mimi hicho ndicho kinaya kikubwa cha kitabu, na sikukiandika pembeni kwa penseli.

Kuna riwaya nyingine niliyoisoma miaka hiyo hiyo, The River and the Source ya Margaret Ogola, iliyotoka 1994. Ogola alikuwa daktari wa watoto na mama, na kitabu chake kinahama pia, ila kinahama tofauti. Akoko anatoka Yimbo kuolewa Sakwa, anazika mume na wana, anakwenda Kisumu kudai haki, na uzeeni anafuatana na bintiye Nyabera hadi misheni ya Aluor. Kila akihama anahama na watu: binti, mjukuu, mifugo, marehemu wake. Riwaya haimwondoi mtoto ili hadithi isonge. Mtoto ndiye hadithi inayosonga, na ndiyo maana inafika kizazi cha nne. Sisemi Ogola ni bora. Kiswahili cha Walibora kina utamu ambao bado unanifanya nisome kwa sauti. Ninachosema ni kwamba mmoja alinifundisha kuwa mwandishi ni mtu aliyeondoka kwao na mkoba, na mwingine kuwa mwandishi anaweza kuwa mtu aliyepakia nyumba nzima. Nilichukua somo la kwanza kwa sababu lilikuwa rahisi kubeba.

Huku Saboti watu wanajua kuhama. Karibu kila familia Trans Nzoia ilitoka mahali: waliokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu, walionunua vipande baada ya uhuru, waliokimbia vurugu za miaka ya 1990, waliokimbia tena mlima ulipowaka kati ya 2006 na 2008. Ukiuliza wazee walibeba nini, watakutajia sufuria, blanketi, jembe na mtoto mgongoni. Hakuna aliyenitajia kitabu. Sidhani ni kwa sababu hawakuwa na hadithi.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana nimewahukumu wengine vya kutosha. Kazi inayonilisha ni kuandika insha za chuo kikuu kwa wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Wakenya wengi wa rika langu wanaijua hii kazi. Oda inaingia usiku, kurasa nane, asubuhi iwe tayari. Mimi niliyeshindwa kumaliza digrii moja nimeandika sehemu za digrii za watu ambao sitawahi kuwaona. Wanaweka majina yao. Wananilipa, mara nyingine hawalipi. Kwa hiyo nikimsoma Amani akilia mswada wake, nacheka kwa uchungu. Yeye aliibiwa. Mimi nauza kabla ya kuibiwa, kwa kurasa, na Majisifu wangu wako wengi.

Hata hilo si baya kuliko jingine. Tangu tuhamie hapa, nikifungua kompyuta mtoto anakwenda kwa kukhu wake. Mama ana mahindi ya kuanika kwenye turubai, ana ng'ombe mmoja, ana mgongo unaouma. Anamchukua tu, haniulizi ni kwa muda gani. Wiki ya pili nilijikuta natoka chumbani saa nane mchana nikiuliza chakula kiko wapi. Nilisikia sauti yangu mwenyewe. Ilikuwa ya Majisifu. Nilikuwa nimepata nyumba, meza na mtu wa kumshika mtoto, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba hiyo ndiyo hali ya kawaida ya dunia.

Ndiyo maana siziamini tena zile makala zinazosema mwandishi apange muda wake vizuri, aamke mapema, azime simu. Muda haupangwi hewani. Saa zangu mbili za alfajiri ni saa mbili za mama yangu, maana mtoto akiamka anamkuta yeye jikoni. Nikiziandikia hadithi mbaya nimempotezea yeye. Nikiziandikia insha ya kijana wa mbali, angalau kuna unga. Hesabu hiyo naifanya kila siku na majibu hayafanani.

Tulielewana hivi, baada ya kununiana siku mbili. Insha naziandika usiku, mtoto akiwa amelala. Mahindi naanika mimi. Saa kumi na moja hadi saa moja asubuhi ni za hadithi yangu, na Jumamosi ni ya mama, anaenda chama chake na mtoto anabaki nami mchana kutwa. Si mpango mzuri sana. Mvua ikinyesha unavunjika, stima ikipotea unavunjika.

Hadithi yenyewe ni ya msichana anayefanya kazi kwenye nyumba ya mwandishi maarufu. Usiku anaokota karatasi ambazo mwandishi ametupa na kuandika nyuma yake. Nimefika ukurasa wa kumi na nne. Bado sijui atazificha wapi siku akifukuzwa, kwa sababu atafukuzwa, na atakuwa na gunia moja tu.

Mama hajasoma Kidagaa. Nilimsimulia tukiwa tunapukuchua mahindi, akasikiliza hadi mwisho, akasikitikia Uhuru kama mtoto wa jirani. Kuhusu Majisifu hakusema neno. Lakini kesho yake alfajiri alisimama mlangoni pangu na kikombe cha chai.

"Hiyo unaandika sasa, itawekwa jina la nani?"

"Langu."

"Haya. Nipe mtoto."