Hitilafu ya Wasomaji juu ya Shujaa wa Kurithi

Msimulizi apokeaye shujaa asiyemuumba yeye hupokea amana. Uhuru anao, lakini si uhuru wa mwenye mali. Jambo hili lilidhihirika katika kazi za Julius Nyerere, ambaye kaburi lake lipo Mwitongo, Butiama, tangu mwaka 1999. Katika Juliasi Kaizari, tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare iliyotoka kwanza mwaka 1963 na kusahihishwa mwaka 1969, alibadili lugha, asibadili mikono iliyomchoma Kaizari. Katika utenzi wake wa Enjili, uliochapwa mwaka 1996, aliitia habari ya kale katika mizani na vina vya Kiswahili. Vazi likawa jipya, matendo yakabaki yale yale.

Waandishi wa hadithi za picha za mashujaa huko Marekani hawana mpaka huo. Superman alianza kuonekana mwaka 1938, kazi ya Jerry Siegel na Joe Shuster. Waumbaji wamekufa, shujaa yungali akiendelezwa kwa kalamu za wengine. Kila mwandishi sharti alete jipya, la sivyo toleo halinunuliwi. Walakini msomaji naye ni mrithi: amekaa na shujaa tangu utotoni, na pengine anamjua kuliko mwandishi aliyeajiriwa juzi. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Aghalabu husemwa kuwa ugomvi huo ni wa wapendao ya kale na wapendao mapya. Hoja hiyo haitoshi. Superman alipouawa mwaka 1992, toleo la kifo chake lilinunuliwa kwa mamilioni. Kumbe jipya peke yake halichukizi.

Lililochukiza ni jambo jingine. Mwaka 2007 Spider-Man, aliyeoa mwaka 1987, alikubali ndoa yake ifutwe na Mephisto, pepo mwenye hila, ili shangazi yake aliyepigwa risasi apone. Mhariri mkuu aliona kuwa ndoa inamzeesha shujaa na kuvibana visa vyake, na hoja hiyo ina uzito. Lakini tangu mwaka 1962 shujaa huyu amesimama juu ya fundisho moja, kwamba mwenye nguvu hubeba wajibu wake. Mapatano yale yalimtua mzigo uliomfanya awe shujaa.

Mwaka 2016 ikawa zamu ya Captain America. Huyu alibuniwa na Joe Simon na Jack Kirby, wana wa Wayahudi, na katika jalada la kwanza la mwaka 1941 alimpiga Hitler ngumi. Sasa, kwa kalamu ya Nick Spencer, alitangaza utii kwa Hydra, chama cha madhalimu. Waliomtetea mwandishi walisema kisa kinaonya jinsi watu wanavyoufuata uso wanaouamini bila kuuliza. Waliomlaumu waliona waumbaji wametukanwa. Baadaye ikafunuliwa kuwa maisha ya nyuma ya shujaa yalikuwa yamegeuzwa kwa nguvu ya ajabu. Basi usaliti ule haukuchipuka moyoni mwake, bali ulibandikwa.

Brutus naye huwagawa wasomaji: huyu humwona mzalendo, yule humwona msaliti wa rafiki. Lakini wote hushindania tendo lililotoka katika nafsi yake, na kila upande hupata ushahidi katika maneno yake mwenyewe. Hitilafu hiyo huwarudisha wasomaji kwenye kitabu. Hitilafu ya mwaka 2007 na ya mwaka 2016 iliwatoa nje ya kitabu, wakabishana juu ya haki ya mwandishi na mchapaji.

Mrithi anaweza kumzeesha shujaa, kumtia dhambini, hata kumwua, mradi njia ya kufika huko ianzie ndani ya shujaa. Fumo Liyongo wa utenzi wa Muhammad Kijumwa, wa mwaka 1913, aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Msomaji huhuzunika, lakini hajioni amedanganywa, kwa kuwa siri ya sindano ile Liyongo aliitoa kwa kinywa chake mwenyewe.