Ufundi wa Kutoa Maji ya Uti wa Mgongo

Homa kali, shingo iliyokakamaa na kichwa kinachopasua humfanya daktari ashuku homa ya uti wa mgongo. Uhakika huutafuta mgongoni, na hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Mgonjwa hulazwa ubavu, magoti tumboni, kidevu kifuani, ili pingili ziachane. Daktari hupapasa mifupa ya nyonga, kisha husogeza kidole hadi katikati ya mgongo, usawa wa pingili ya nne ya kiuno. Kwa mtu mzima, uti wenyewe umeishia juu zaidi, karibu na pingili ya kwanza au ya pili. Chini yake zimebaki nyuzi za neva zinazoelea majini, nazo kwa kawaida husogea pembeni sindano inapopita. Laiti kila familia inayohofia kupooza ingeelezwa hili mapema!

Sindano huingia taratibu, imeelekezwa kidogo upande wa kitovu. Ngozi, kano, kisha mkono unahisi kitu kimeachia. Daktari huchomoa waya wa ndani, husubiri tone. Heinrich Quincke alieleza njia hii nchini Ujerumani mwaka 1891, na bado vidole ndivyo vinavyoongoza. Hata kuahirisha ni ufundi: kukiwa na dalili kwamba shinikizo limepanda kichwani, daktari hodari huanza dawa kwanza, sindano baadaye.

Maji mazima ni meupe kama ya kisima safi. Yenye ukungu yanatisha. Kutoka hapo kazi ni ya mtaalamu wa maabara, ambaye mgonjwa huenda asimwone kamwe. Huharakisha, maana seli huharibika zikikaa. Kwa mtu mzima mwenye afya, seli nyeupe hazizidi 5 katika mikrolita moja. Bakteria wakivamia, seli hizo huweza kufika maelfu, na sukari hushuka. Rangi ya Gram, ya mwaka 1884, humwonyesha bakteria wa meningokoka wakiwa wekundu, wawili wawili. Kwa mwenye VVU hutafuta pia fangasi wa kriptokoka: wino mweusi huacha duara angavu kumzunguka. Siku hizi kuna kipimo cha ukanda kinachotoa jibu kwa dakika 10, na huwanasa hata wale ambao wino haukuwaonyesha.

Ndugu wa mgonjwa, ukiombwa ridhaa, uliza yote yanayokutia hofu. Ukishajibiwa, usichelewe kukubali; homa ya uti wa mgongo ya bakteria huweza kuua ndani ya saa 24.