Swali Linapotawaliwa na Saa

Mazungumzo ya redio kuhusu vitabu, sayansi na mambo ya dunia husikika kana kwamba yanajiendea yenyewe, ilhali umbo lake huamuliwa mapema na jambo ambalo msikilizaji hana habari nalo: iwapo kipindi kinakwenda hewani mubashara, yaani maneno yanamfikia msikilizaji wakati uleule yanapotamkwa, au kinarekodiwa kwanza ili kihaririwe baadaye. Tofauti hiyo huonekana waziwazi katika vipindi viwili vya redio za umma, redio ambazo tegemeo lake kubwa ni ada au michango ya wasikilizaji: In Our Time cha BBC Radio 4 ya Uingereza na Fresh Air cha kituo cha WHYY cha Philadelphia nchini Marekani.

In Our Time kilianza tarehe 15 Oktoba 1998, baada ya Melvyn Bragg, mtangazaji ambaye pia ni mwandishi wa riwaya, kuteuliwa kuingia Bunge la Malordi kwa upande wa chama cha Labour na hivyo, kwa hofu ya mgongano wa maslahi, kulazimika kuondoka Start the Week, kipindi cha Jumatatu asubuhi alichokuwa amekiongoza kwa miaka 10. Alipewa Alhamisi asubuhi, wakati ambao haukuwa na wasikilizaji wa kujivunia, na yamkini ndiyo maana aliachwa afanye atakavyo. Kule Start the Week wageni kwa kawaida walikuja na vitabu vyao vipya mkononi, lakini katika In Our Time mada ikawa moja tu, isiyotokana na habari za wiki wala na kitabu kinachotafutiwa wanunuzi, na wageni wakawa wasomi wanaofundisha vyuo vikuu, kwa hoja kwamba aliyezoea kusimama mbele ya wanafunzi anajua kulieleza jambo kwa asiyelijua. Ndivyo ilivyowezekana wiki moja izungumzwe juu ya usanisinuru, namna mimea inavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na wiki nyingine juu ya mwanahistoria Ibn Khaldun.

Mwanzoni wageni walikuwa wawili na muda ulikuwa nusu saa. Baadaye wakawa watatu kwa dakika 45, na badiliko hilo la hesabu lilibadili aina yenyewe ya mazungumzo. Wageni wawili huelekea kubishana, kwa kuwa kila mmoja ana mpinzani mmoja tu wa kumkabili, na mtangazaji hujikuta amegeuka mwamuzi. Anapoingia wa tatu, kazi hugawanyika, huyu akaeleza mazingira ya kihistoria, yule akafafanua nadharia yenyewe, na mwingine akasema ilipokelewaje na waliokuja baadaye. Mgawanyo huo hautokei kwa bahati tu. Mtayarishaji, yaani anayepanga kipindi nyuma ya pazia, huzungumza na wageni kabla ya siku ya matangazo na kumwandalia mtangazaji vidokezo, hivyo swali linapoulizwa limekwisha kujua njia yake.

Lililobaki ni saa. Kwa miaka mingi kipindi kilitangazwa mubashara, na katika hali hiyo jibu lililorefuka halikatwi na mkasi wa mhariri bali na mtangazaji mwenyewe, papo hapo. Bragg aliwaita wageni kwa majina kila alipowageukia, desturi ambayo kwenye meza ya kawaida ingeonekana ya ziada, lakini kwa sikio lisiloona nyuso ndiyo inayotenganisha sauti tatu zinazofanana; na msamiati wa kitaalamu ulipochomoza bila maelezo, alimrudisha msemaji nyuma aueleze. Wapo waliouona ukataji huo kuwa ukali. Ukweli ni kwamba bila huo, mgeni wa kwanza angezila dakika za wa tatu. Udhaifu wa kweli wa kipindi uko kwingine: karibu wageni wote hutoka vyuo vikuu vya Uingereza, hata mada inapokuwa ya Tunisi au ya Baghdad, na upangaji mzuri wa maswali hauwezi kuziba pengo hilo.

Fresh Air, ambacho Terry Gross alianza kukitangaza mwaka 1975 na ambacho kimesikika nchi nzima kila siku tangu 1987, kimejengwa kwa kanuni iliyo kinyume. Mgeni kwa kawaida ni mmoja, na mara nyingi hayumo studioni mwa Philadelphia bali huzungumza akiwa mji mwingine, wakisikilizana kwa vipokea sauti vya masikioni. Aidha huambiwa mapema kwamba anaweza kulianza jibu upya na kwamba anaweza kukataa swali linaloingilia faragha yake. Kwa kuwa uhariri utafuata, swali linaruhusiwa kutangatanga. Mwaka 2011 mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto Maurice Sendak, akiwa na umri wa miaka 83, alipigiwa simu kuzungumzia kitabu chake kipya, akaishia kuzungumzia marafiki waliokufa na uzee wake mwenyewe, miezi michache tu kabla ya kufariki Mei 2012. Mazungumzo ya namna hiyo yasingezaliwa chini ya mshale wa saa ya Alhamisi, kwani mtangazaji wa mubashara angelazimika kumrudisha mzee kwenye kitabu.

Inashangaza, basi, kwamba hata In Our Time kiliishia kuzitafuta dakika zisizo na saa. Katika toleo lake la podikasti, yaani kipindi kinachopakuliwa kwenye intaneti na kusikilizwa wakati wowote, Bragg aliwauliza wageni baada ya matangazo kwisha ni kipi kilichosahaulika, na hapo ndipo wasomi waliokuwa wakipokezana kwa nidhamu walipoanza kudakiana maneno na kupingana kwa uhuru, hadi mtayarishaji alipoingia kuuliza nani anataka chai na nani kahawa.