Makaa ya Mwaloni, Barabara ya 378

Ukitoka Columbia kwa barabara namba 378 kuelekea Conway, South Carolina inakuwa tambarare: shamba la tumbaku, shamba la pamba, misonobari, kanisa dogo la Kibaptisti, kisha misonobari tena. Tulikuwa tunatoka Atlanta kuwapeleka watoto baharini Myrtle Beach, na shemeji yangu, mzaliwa wa Tanga, alikuwa kiti cha nyuma akilalamika kwamba tumeipita migahawa yote yenye majina. Kilichotusimamisha ni rundo la kuni. Lilikuwa kubwa kuliko banda lenyewe, na banda lilikuwa la mbao na bati, dirisha moja la kuuzia, kibao kilichoandikwa kwa brashi: Alhamisi hadi Jumamosi, nyama ikiisha imeisha.

Nyama yenyewe ni nguruwe. Kwa Dar es Salaam ungesema kitimoto na kila mtu angejipanga kwa dini yake. Shemeji ni Mwislamu. Akatutangazia kwamba yeye atakunywa soda na kula mkate aliobeba kutoka nyumbani, na asionewe huruma. Lakini ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzunguka nyuma ya banda kuufuata moshi, na maswali ya maana yote yalikuwa yake. Mtu aliyekulia kwenye jiko la makaa haoni aibu kumuuliza mpishi anachofanya.

Nyuma kulikuwa na kibanda kingine cha bati tupu, na mbele yake pipa refu la chuma. Usawa wa katikati, nondo nene zimepenyezwa kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, zikapishana. Magogo ya mwaloni na hikori yanatupwa kwa juu. Yakiungua yanakatika, vipande vinapita kati ya nondo na kuanguka chini, vikiwa makaa mekundu yasiyotoa ndimi wala moshi mweusi. Chini pipa limekatwa kimlango cha kuingizia beleshi. Hiyo ndiyo mashine nzima. Hakuna mtu anayesimama kuchagua makaa yaliyo tayari, kwa kuwa kuni ambayo haijaiva haipiti.

Ndani ya kibanda yapo majiko wanayoyaita mashimo, ingawa siku hizi si ya kuchimbwa: ni kuta za matofali ya saruji zinazofika kiunoni, juu yake wavu wa chuma. Nguruwe mzima amepasuliwa akafunguliwa bapa, akalazwa nyama chini, ngozi juu, kisha akafunikwa mabati na maboksi yaliyokunjuliwa ili joto lisitoroke. Mzee mwenye kazi, mtu mweusi wa umri wa kustaafu na fulana iliyopauka kwa majivu, alikuwa macho tangu jana jioni. Akachota beleshi moja la makaa, akatembea nalo bila kudondosha hata moja, akainama kwenye tundu lililo chini ya ukuta.

Hapo ndipo penye ufundi. Hamwagi. Mkono wa mbele unatulia, wa nyuma unatikisika kidogo tu, na makaa yanateleza kwenye ncha ya beleshi moja moja: mengi chini ya paja, mengi chini ya bega, machache ubavuni, na chini ya tumbo karibu hakuna. Paja ni nene, na joto huchelewa kulifika ndani. Tumbo ni jembamba tena lina mafuta. Likipewa makaa sawa na paja, litakuwa mkaa wakati paja bado lina damu. Kwa hiyo mnyama mmoja anapikwa kwa mioto mitatu isiyotenganishwa na chochote isipokuwa kumbukumbu ya mtu kuhusu mahali alipoweka beleshi la mwisho.

Kipimajoto hakuna. Anagusa bati kwa kiganja, kisha anasikiliza. Mafuta yakidondoka juu ya makaa kwa kuachana, ts, kimya, ts, mambo ni sawa. Yakifululiza, joto limezidi na muda si mrefu yatalipuka ndimi za moto, basi anayasukuma makaa pembeni au kuyafunika majivu. Yakinyamaza, anarudi kwenye pipa. Anafanya hivyo kila baada ya dakika kumi na tano au ishirini kwa saa zipatazo kumi na mbili. Na pipa nalo linadai: gogo linalotupwa sasa halitatoa makaa sasa, kwa hiyo lazima ajue atakachohitaji baadaye kabla hajakihitaji. Kutia makaa kila mtu anaweza. Kazi ni kuyakuta yapo.

Shemeji akamweleza habari ya kupalia wali wa nazi, jinsi makaa yanavyowekwa juu ya mfuniko maji yakishakauka, na kwamba anayejua huyaweka pembezoni zaidi kuliko katikati. Mzee alilisikiliza hilo la pembezoni kwa makini kuliko pongezi zetu zote.

Tulimkuta nguruwe wa jioni akifikia wakati wa kugeuzwa. Wavu wa pili unawekwa juu, unafungwa na ule wa chini kwa waya, watu wawili wanashika ncha na kupindua kwa pigo moja. Wakisitasita, mnyama anasambaratika, maana nyama tayari imeachana na mfupa. Sasa ngozi iko chini, inashika kila kinachomiminwa: siki, pilipili nyekundu ya kusaga, pilipili manga, chumvi, sukari kidogo. Anaipaka kwa mopu ndogo ya nyuzi za pamba, akirudiarudia mapaja. Ukanda huu wa pwani, Carolina zote mbili, ni nchi ya siki. Ukirudi bara upande wa Columbia utakuta sosi ya njano ya haradali, ambayo wenyeji huihusisha na walowezi wa Kijerumani. Nimeionja. Inaficha moshi, na sioni sababu ya kukesha usiku kucha kutafuta moshi kisha kuuficha.

Maarifa haya yana wenyewe. Mashimo ya kwanza yalichimbwa ardhini, na katika mashamba ya Kusini waliokesha wakichochea walikuwa Waafrika waliotumikishwa, wakichanganya ujuzi wao na wa wenyeji wa Amerika ili mabwana wafanye karamu. Michael Twitty ameifuatilia historia hiyo kwa undani katika The Cooking Gene, kitabu cha mwaka 2017. Baada ya utumwa ujuzi ulibaki mikononi mwao, lakini viti havikuwa vyao. Kampuni ya Piggie Park ya hapa hapa South Carolina ilikataa kuwahudumia Weusi sawa na Wazungu hata baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, hadi kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1968 iliamua dhidi yake. Familia nyeusi iliyosafiri barabara kama hii zamani hizo ilibeba chakula chake garini, na wengi walibeba pia kitabu cha Victor Hugo Green, tarishi wa New York aliyeanza mwaka 1936 kuorodhesha mahali ambapo msafiri mweusi angepokewa. Kwa hiyo banda la kando ya njia lenye mpishi mweusi na dirisha lililo wazi kwa yeyote halikuwa jambo dogo. Siku hizi sifa zimeanza kufika: Rodney Scott, aliyekulia kwenye mashimo ya wazazi wake huko Hemingway, si mbali na barabara hii, alipata tuzo ya James Beard mwaka 2018.

Nyama inauzwa kwa ratili. Inakatwakatwa juu ya gogo kwa visu viwili vizito, paja likichanganywa na bega na tumbo, ngozi iliyokauka ikipondwa humo humo ili kila tonge liwe na kitu cha kutafuna. Unapewa na mkate mweupe wa dukani, laini usio na ladha, na hilo si uzembe: mkate wenye ladha ungeleta ushindani. Watoto walikula wakiwa wamesimama.

Kabla hatujaondoka shemeji aliuliza swali lililokuwa likimkera. Mikahawa mingi ya nyama hizi imehamia kwenye gesi na umeme. Kuni ni ghali, wa kuzikata ni wachache, na vibanda vya namna hii huungua. “Sasa mzee, kwa nini usiweke gesi nawe ulale?”

“Gesi ninayo, mama,” alisema, akionyesha mtungi kwa ncha ya beleshi. “Napikia maharage.”