Anayetunga na Anayetunzwa

Mwaka 2013 Muhidin Maalim Gurumo alitangaza kuacha muziki. Alikuwa ameuanza 1960. Miaka 53 jukwaani, na gari hakuwa nalo. Habari ilimfikia mwimbaji Diamond Platnumz, kijana aliyezaliwa 1989, wakati Mjomba Gurumo ana karibu miaka thelathini katika kazi; akamzawadia gari mbele za watu. Watu wakashangilia, na walistahili kushangilia. Ila gari ni asante, na asante haisemi mzee alikuwa akifanya nini miaka yote ile.

Kiswahili kimeyaweka jirani maneno mawili, kutunga na kutunza. Shanga hutungwa, samaki hutungwa, na wimbo nao hutungwa: kimoja baada ya kingine, uzi mmoja, bila fundo kuonekana. Kutunza ni kumwendea mwimbaji na noti mkononi, unacheza, unambandika kwenye paji la uso. Shida ni kwamba humtunza tunayemwona. Uzi haumo machoni petu, wala aliyeushika.

Tumtazame basi mtunzi huyo akiwa kazini. Katika muziki wa dansi mtunzi huja mazoezini na maneno na sauti yake, basi. Gitaa la solo, la rithim na la besi hutafuta njia zao humo ndani. Tarumbeta na saksafoni husubiri pale mwimbaji anapovuta pumzi. Mlimani Park, bendi ambayo Gurumo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake 1978, ilikuwa na Michael Enoch, fundi aliyetokea Dar es Salaam Jazz, na wimbo ulipitia mikono mingi kabla haujafika ukumbini. Mtunzi mzuri huliwazia hilo mapema. Huacha nafasi. Anayejaza kila pengo kwa maneno huwanyima wenzake pa kusemea.

Tena wimbo wa dansi una vyumba viwili. Kwanza beti za taratibu, ambamo kisa husimuliwa; kisha chemko, magitaa yanapopanda moto na watu wanaacha meza zao. Kwa hiyo mtunzi ana muda wa kuhesabu: amtaje mhusika, aeleze lililomsibu, alifikishe pale linapouma, na yote yawe yamekwisha chemko linapoingia. Akichelewa, kisa kinakanyagwa na wachezaji. Akiwahi mno, ukumbi unacheza bila kujua unamlilia nani.

Ugumu mwingine umo ndani ya lugha yenyewe. Neno la Kiswahili kwa kawaida hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na wimbo ukikaza kwingine neno huumia. Chukua “barabara”. Ukikaza “ba” ya pili unapata njia ya magari. Ukikaza “ra” ya kwanza unapata “sawasawa kabisa”. Herufi ni zilezile, maana mbili. Sauti ikivutwa pasipo pake, msikilizaji ataambiwa habari za lami wakati mtunzi alikusudia sifa. Ukisikiliza dansi la miaka ya sabini na themanini utaona sauti ndefu mara nyingi imetua palepale ambapo mtu angekaza akizungumza na jirani. Ndiyo maana maneno yale yanaingia sikioni bila kubisha hodi. Mtu hudhani ni wepesi. Ni kazi iliyosuguliwa hadi alama za randa zikapotea.

Na kisa lazima kiwe na mtu. Marijani Rajab, mzaliwa wa Kariakoo aliyeitwa Jabali la Muziki, aliijua siri hiyo. Zuwena, Masudi, Mwanameka: nyimbo zake zilibeba majina ya watu, na jina likishatajwa mhusika anakuwa wa mtaani kwako. Wala hakuhitaji mahubiri marefu. Alimweka mtu mbele yako, matendo yake yakamhukumu. Marijani alifariki 1995, lakini Masudi bado anajulikana na watu waliozaliwa baada ya hapo.

Sasa nyimbo kama hizo zilikuwa za nani? NUTA Jazz, alikoimba Gurumo, ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa vya chama, na mwanamuziki mwajiriwa. Jina la chama lilipobadilika la bendi lilibadilika nalo, ikawa JUWATA, kisha OTTU; mwishowe ikaitwa Msondo Ngoma. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam na kurushwa nchi nzima. Gurumo, mtu wa Kisarawe, alitoka huko kwenda Mlimani Park, yaani Sikinde. Msondo na Sikinde yote ni majina ya ngoma za Wazaramo, watu wake. Akaenda Orchestra Safari Sound, akarudi Msondo. Kila alipohama alichukua sauti yake na nguo zake. Nyimbo alizokwisha kutunga zilibaki zikiitwa za bendi.

Gurumo alifariki Aprili 2014, hata mwaka haujatimia tangu alipopewa gari. Tuzo za uzeeni ni njema, na atakayezitoa Mungu ambariki. Ila mtunzi hujulikana kwa kutajwa kazi yake ikingali inachezwa. Mtangazaji wa redio, ukiusukuma wimbo wa zamani hewani, usiishie kwenye jina la bendi. Mwenye ukumbi, DJ wa harusi, nawe unayemrushia rafiki wimbo kwenye simu: anza na mtunzi ni nani. Haigharimu noti hata moja, na huko nako ni kutunza.