Nguzo ya Buluu na Mtu wa Upande wa Pili

Desemba mjini Pickering, mashariki mwa Toronto, jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Treni za GO zinazorudisha wafanyakazi kutoka kituo cha Union hufika giza likiwa limekwisha tanda. Abiria akiteremka, mbele yake kuna uwanja wa magari, au daraja la waenda kwa miguu lenye urefu wa mita 250 hivi linaloivuka barabara kuu ya 401. Mwendo ni wa dakika chache, lakini ni dakika za baridi, giza na upweke. Nguzo za kuitia msaada zilibuniwa kwa ajili ya mwendo wa namna hiyo, kwenye maegesho na kwenye kampasi za vyuo.

Nguzo ni rahisi kuieleza. Ni mhimili wa chuma wenye urefu wa karibu mita tatu, na kileleni pana taa ya buluu inayowaka usiku kucha. Ubavuni kuna maandishi makubwa, na chini yake kitufe kimoja, spika na maikrofoni. Ukibonyeza, taa inaanza kumweka na sauti ya mtu inakujibu, nawe huna haja ya kushika chochote mkononi. Wazo lenyewe lina umri. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 polisi wa London walikuwa na vibanda vya buluu vyenye simu, na taa ya juu ilimulika kumwita askari wa doria. Nguzo za leo zimegeuza kazi ya taa: sasa inamulika kwa mwito wa raia.

Kwa kuwa nguzo ndiyo inayoonekana, ndiyo inayopigiwa hesabu. Wakuu wa vyuo na wenye majengo huulizana wamenunua ngapi, kutoka wapi, kwa bei gani. Kwa maoni yangu, nguzo ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote katika mfumo huu. Uzito uko katika mambo ambayo mpita njia hayaoni: yaliyo chini ya ardhi, yaliyo ndani ya waya, na zaidi ya yote, mtu anayekaa upande wa pili wa mazungumzo.

Chini ya ardhi na juu yake

Udongo wa kusini mwa Ontario huganda wakati wa baridi. Maji yaliyomo hugeuka barafu, hutanuka, na huinua chochote kilichosimikwa juujuu. Kwa sababu hiyo misingi ya eneo la Toronto huchimbwa hadi mita 1.2, mahali ambapo baridi haifiki. Nguzo nayo hupewa msingi wa zege wa kina hicho, boliti nene zikiwa zimezamishwa ndani, na mabomba ya kupitishia nyaya yakiwa yamelazwa kabla zege halijamwagwa. Kupasua lami na kuchimba mtaro hadi jengo la karibu kunaweza kula fedha nyingi kuliko nguzo yenyewe. Asiyeliweka hilo kwenye bajeti huishia kusimika nguzo karibu na jengo, yaani palepale ambapo tayari pana mwanga na watu.

Halafu inakuja chumvi. Humwagwa kwenye lami ili kuyeyusha barafu, na hula chuma kuanzia chini, penye kijimlango cha fundi. Watengenezaji hujikinga kwa rangi ya unga inayochomwa kwa joto na kwa bamba la chuma kisichoshika kutu. Adui mwingine ni theluji inayosukumwa pembeni na magari ya kusafisha maegesho, kwa sababu pembeni ndiko nguzo nyingi zilikosimikwa. Nguzo isiyotajwa kwenye mkataba wa usafishaji inaweza kuamkia imezungukwa na kilima cha barafu ambacho mtu anayekimbia hawezi kukipanda. Hapo utaona kwamba mkataba wa kufagia theluji, unaoandikwa na idara nyingine kabisa, ni sehemu ya ulinzi.

Rangi nayo ina hesabu yake. Nyekundu imeshachukuliwa na moto, kwa hiyo buluu ikachaguliwa. Lakini Ontario magari ya kuondoa theluji nayo humulika buluu, na dereva wa Pickering ameshaizoea kwa maana hiyo. Nguzo huepuka mkanganyiko kwa kuwaka kwa utulivu siku zote na kumweka tu kitufe kinapobonyezwa. Kumweka huko kuna kazi mbili: kumwongoza mlinzi, na kumfanya mshambuliaji ajue kwamba ameonekana.

Kitufe lazima kikubali mkono uliovaa glavu nene, na kiwe kimoja tu, bila namba ya kupiga. Tangu 2005 Ontario ina sheria ya kuwafungulia njia watu wenye ulemavu, na wabunifu wa Kanada hulenga vitufe visizidi kimo cha mita 1.2 ili aliye kwenye kiti cha magurudumu avifikie. Huwekwa pia maandishi ya nukta nundu, na vijitaa viwili: kimoja huonyesha kwamba mwito umetoka, kingine kwamba umepokelewa. Bila hicho cha pili, kiziwi angesimama pale gizani asijue kama kuna aliyemsikia.

Ndani ya waya

Nguzo za kwanza zilitumia waya wa simu wa shaba, uliobeba sauti pamoja na umeme kidogo wa kuendesha simu, huku taa ikihitaji waya wake. Siku hizi waya wa mtandao wa kompyuta hubeba vyote. Kiwango cha mwaka 2003 kiliruhusu wati 15.4, cha mwaka 2018 kinafika wati 90, ambazo zinatosha taa, kamera na hata kipasha joto. Tatizo ni umbali. Waya huo wa mtandao una kikomo cha mita 100, na kona ya mbali ya uwanja wa magari mara nyingi iko nje ya kikomo hicho. Fundi hulazimika kulaza nyuzi za fiba, ambazo hupeleka mawasiliano mbali lakini hazibebi umeme, kwa hiyo umeme utafutiwe njia nyingine.

Hapo ndipo muuzaji hupendekeza sola na laini ya simu ya mkononi: hakuna mtaro, hakuna waya, kazi inakwisha kwa siku moja. Dodoma ningemsikiliza. Pickering mwishoni mwa Desemba mwanga wa mchana haudumu hata kwa saa tisa, paneli hufunikwa na theluji, na betri za kawaida za lithiamu hazipaswi kuchajiwa joto likiwa chini ya nyuzi sifuri. Mfumo wa sola unawezekana, ila paneli na betri zipimwe kwa wiki mbaya kuliko zote za mwaka, na gharama iliyookolewa kwenye mtaro irudi humo.

Sauti nayo haipiti bila vita. Barabara ya 401 ni miongoni mwa zenye magari mengi zaidi Amerika Kaskazini, na reli iko kando yake. Spika na maikrofoni zimewekwa karibu karibu, hivyo bila kifaa cha kuondoa mwangwi, sauti ya mlinzi ingerudi masikioni mwake na kuyameza maneno ya anayeomba msaada. Kusikia maneno "yuko nyuma ya gari jeupe" katikati ya ngurumo ya malori ni kipimo kigumu kuliko kile cha ukumbi wa maonyesho ya biashara.

Na njia yenyewe ikikatika? Kanada ilipata jibu tarehe 8 Julai 2022, mtandao wa kampuni ya Rogers ulipozimika nchi nzima na kuathiri wateja zaidi ya milioni 12. Chanzo kilikuwa mabadiliko yaliyofanywa wakati wa matengenezo. Simu za mkononi na intaneti ya majumbani zilianguka pamoja kwa kuwa zilitegemea kiini kimoja cha mtandao, na baadhi ya watu walishindwa kuifikia namba ya dharura, 911. Kwa mbunifu wa nguzo, somo ni la moja kwa moja: njia mbili zinazokutana mahali pamoja huko mbele zihesabiwe kuwa moja. Nguzo inayotumia fiba ya chuo kama njia kuu na laini ya mkononi kama akiba inafaa, mradi zote mbili zisitegemee mtoa huduma mmoja.

Kifaa kinachokaa miezi bila kutumika hufa kimyakimya. Zamani mlinzi alizunguka na daftari akibonyeza kila nguzo. Mifumo ya sasa hujipima yenyewe na kutoa taarifa nguzo isipoitika, jambo ambalo ni bora, lakini kompyuta inaweza kusema laini iko hai wakati matundu ya spika yamezibwa na barafu. Daftari bado lina kazi.

Upande wa pili

Nguzo ina faida moja ambayo simu ya mfukoni haiwezi kuipiku kirahisi: haihami. Simu ya mkononi humpa mpokeaji wa 911 makadirio ya eneo, na ndani ya maegesho ya ghorofa makadirio hayo yanaweza kupotoka. Nguzo namba 14 iko pale ilipo namba 14. Lakini ukweli huo unaishi ndani ya orodha ya kompyuta, na orodha huandikwa na watu. Nguzo ikihamishwa kupisha ujenzi na orodha isiguswe, mlinzi atakimbilia kona tupu kwa kujiamini kabisa.

Kijijini kwetu mtu akipiga yowe, majirani hutoka na walichonacho mkononi. Hakuna aliyewaajiri wala kuwapangia zamu. Nguzo inatoa yowe, lakini majirani wake wamo ndani ya mkataba: wangapi wako zamu saa nane usiku, wanafuata utaratibu gani, nani anaruhusiwa kuamua. Udhaifu wa huko hauonekani hadi siku ya tukio.

Pickering inalijua hilo kuliko miji mingi. Jumapili ya tarehe 12 Januari 2020, saa 1:23 asubuhi, simu za jimbo zima la Ontario zililia kwa tangazo la dharura kuhusu kinu cha nyuklia cha Pickering. Hakukuwa na tukio lolote. Mhudumu wa kituo cha dharura cha jimbo alikuwa akifanya majaribio ya kawaida ya mwanzo wa zamu, akatuma ujumbe kwenye mfumo halisi badala ya ule wa mafunzo. Kosa liligundulika mapema, lakini tangazo la pili la kulifuta lilitoka saa 3:11, dakika 108 baadaye, kwa sababu wahudumu hawakuwa na utaratibu ulio wazi wa kulisahihisha. Mitambo ilifanya kazi barabara. Pengo lilikuwa mezani.

Wapi isimame

Swali la mahali pa kusimika lina jibu zuri lililozaliwa Toronto. Mwaka 1989 shirika la METRAC lilichapisha mwongozo wa ukaguzi wa usalama: wanawake wanatembea katika eneo usiku na kuandika wenyewe palipo giza, kona zisizoonekana, na mahali ambapo sauti haisikiki. Desemba ya mwaka huohuo wanawake 14 waliuawa katika chuo cha École Polytechnique mjini Montréal, na kuanzia 1991 serikali ya Ontario ikawa inavipa vyuo ruzuku ya usalama wa wanawake kwenye kampasi. Kwa hiyo nguzo za dharura ziliingia kwenye vyuo vya jimbo, kama Chuo Kikuu cha York, zikiwa pamoja na taa mpya, vichaka vilivyopunguzwa na huduma ya kusindikizwa usiku. Hazikukusudiwa kufanya kazi peke yake.

Mbinu hiyo ilivuka bahari. Mpango wa Miji Salama wa UN-Habitat, wenye makao Nairobi, uliitumia Dar es Salaam, ikiwemo kata ya Manzese, ambako wanawake walikagua mitaa yao wenyewe. Hapakuhitajika chuma wala fiba kuanza, na orodha waliyoitoa ndiyo ramani ambayo mnunuzi wa nguzo angepaswa kuwa nayo kwanza.

Wapo wanaouliza kama nguzo bado zina maana wakati kila mwanafunzi ana simu. Baadhi ya vyuo vya Marekani vimeziondoa, baada ya kuona kwamba mibonyezo mingi ni ya mzaha au ya bahati mbaya. Hoja hiyo ina nguvu, ila inasahau kwamba betri ya simu huishiwa nguvu kwenye baridi kali, na kwamba simu ndiyo kitu cha kwanza anachopokonywa mtu. Chuo chenye fedha kidogo kingeanza na dawati la walinzi lenye watu saa 24 na namba moja fupi, kisha nguzo chache pale ukaguzi ulipoonyesha. Nguzo thelathini zinazoita dawati lisilo na mtu ni hatari kuliko kutokuwa nazo, kwa kuwa zinamfanya mtu asimame akisubiri badala ya kukimbia.

Chuo chochote kitakachouziwa nguzo hizi, kiwe Oshawa, Mlimani au Kampala, kiandike sharti moja kwenye mkataba kabla ya malipo ya mwisho. Usiku, katika msimu mbaya kuliko yote, bila taarifa kwa walinzi, mtu abonyeze kitufe cha nguzo iliyo mbali zaidi na kuanza kupima muda. Kipimo kisimame mlinzi anapofika miguuni pa nguzo, si sauti inapojibu. Dakika hizo ndizo bidhaa inayonunuliwa. Chuma, taa na waya ni gharama za kuzipunguza.