Pongezi kwa Darasa la Insha

Sisi tuliolelewa Mulongo, ukingoni mwa mto Lualaba, tulisema Kiluba jikoni, Kiswahili sokoni na Kifaransa shuleni, hata tulipoingia mwaka wa kwanza wa chuo tukadhani kuwa kuandika Kiingereza ni kuongeza tu mtumbwi wa nne ukingoni. Kumbe mwalimu wetu, Mungu amjazi kheri, alitutoa ghururi hiyo kwa wino mwekundu: niliandika kwamba “nina” miaka 20, kama Mswahili na Mfaransa wanenavyo, naye akapiga mstari, akanieleza kwa upole kuwa Mwingereza hamiliki umri wake, bali yeye mwenyewe ndiye umri huo. Tangu saa ile nikafahamu kwamba kila lugha ina fikra yake, na kwamba insha haiandikwi mara moja, bali hufumwa na kufumuliwa mithili ya wavu. Nayo nchi yetu ya Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ambamo Kiingereza hutumika sana, faida ya ilimu hiyo ikadhihirika zaidi. Basi walimu mfano wa huyo wetu, wasahihishao madaftari usiku kwa taa hafifu, twawapa shukrani zisizo na hesabu.